Bando la Treni

Mpwa wangu anahitimu shahada ya uzamili huko Kyoto mwishoni mwa Machi hii, na katika kikao ambacho sikualikwa imeamuliwa kwamba mimi na mama watoto ndio tutakaouwakilisha ukoo. Sina ugomvi na hilo. Nauli ya ndege tulichangiwa, viza imetoka, na koti la baridi nimeazimwa na jirani aliyesoma Moscow enzi hizo, bado linanuka dawa ya nondo. Kinachoninyima usingizi tangu Februari ianze ni kitu kingine kabisa: tununue pasi ya treni au tusinunue?

Kwa asiyejua, Japani kuna pasi ya treni inayouzwa kwa wageni wa matembezi tu. Unalipa mara moja, halafu kwa siku 7, 14 au 21 mfululizo unapanda treni za JR nchi nzima, pamoja na Shinkansen, ile treni yao ya mwendo kasi, bila kutoa senti nyingine. Ndivyo wanavyosema, na hilo la senti nyingine nitalirudia. Daraja la kawaida, siku 7 ni yeni 50,000, siku 14 ni 80,000, na siku 21 ni 100,000. Yeni 50,000 kwa shilingi zetu ni laki nane na ushei, kutegemea siku hiyo benki imeamkaje. Kwa watu wawili ni kama milioni moja na laki saba, na fedha ya namna hiyo nyumbani kwangu huwa ina wenyewe kabla haijaingia: bati, ada, na jino langu la juu kushoto.

Ingekuwa ghali waziwazi ningeikataa nikalala. Ingekuwa rahisi waziwazi ningeinunua nikalala vilevile. Lakini waliopanga bei ile ni watu wenye akili za kutisha. Wameiweka pale katikati kabisa, mahali ambapo mtu mzima anaweza kuzeeka akijumlisha na kutoa.

Wa kwanza kunishauri alikuwa shemeji. Shemeji huagiza magari ya mitumba kutoka Japani, na mwaka 2019 alifika huko mwenyewe kwa shughuli za mnada. Tangu siku hiyo amekuwa balozi wa Japani mtaani kwetu, wadhifa ambao hakuteuliwa na yeyote. "Chukua pasi, shem," akaniambia. "Funga macho, chukua. Utanikumbuka." Nikamuuliza yeye aliinunua kwa kiasi gani. Akasema yeni 29,650. Na hakudanganya, ndiyo bei iliyokuwapo hadi tarehe 30 Septemba 2023. Kulipokucha, tarehe 1 Oktoba, ikawa 50,000. Imepanda karibu asilimia 70 watu wakiwa wamelala. Tarehe hiyohiyo ya 1 Oktoba ndiyo Shinkansen ilipoanza kazi mwaka 1964 kati ya Tokyo na Shin-Osaka, mwaka wetu wa Muungano. Kwa hiyo treni ilikuwa inatimiza miaka 59, na keki tukaletewa bili sisi wageni.

Shemeji alipoelezwa bei mpya hakutikisika hata kidogo. "Bado ni faida," akasema. Huyu ni mtu anayeweza kukuonyesha gari lililotembea kilomita laki moja na nusu akakuapia kwamba halijaanza kazi.

Nisimseme sana, maana hata gari ninaloendesha aliniletea yeye. Kila asubuhi nikiliwasha, sauti ya kike yenye adabu zote huniambia sentensi moja ndefu ya Kijapani, nami miaka yote nimekuwa nikiiitikia: "Salama, sijui wewe." Majuzi nilimrekodia mpwa wangu nikamtumia. Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe gari linanikumbusha kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za tozo! Yaani sijakanyaga Japani, lakini kadi ya usafiri nimekuwa nikidaiwa kila siku, kwa upole, mlangoni kwangu.

Haya, hesabu. Nimezifanya nyuma ya bahasha ya bili ya maji, kwa namba za kukadiria, kwa kuwa nauli za wenzetu hupanda na kushuka yeni mia mbili mia nne kufuata msimu. Safari yenyewe ninaijua kwa kichwa. Kwenye maombi ya viza tulijaza tutakuwa wapi siku kwa siku, kiasi kwamba serikali ya Japani inaijua safari yangu kuliko mimi. Tunashukia uwanja wa Narita, tunakaa Tokyo kidogo, tunakwenda Kyoto kwenye mahafali, tunakwenda Hiroshima kwa sababu mama watoto ameweka nadhiri ya kufika huko tangu aliposoma habari za bomu la tarehe 6 Agosti 1945 akiwa shule ya msingi, halafu tunarudi Tokyo kupanda ndege.

Treni ya haraka kutoka Narita hadi Tokyo ni yeni 3,070. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen ni kama 14,000. Hapo niliweka kalamu chini kwanza, kwa sababu hiyo ni karibu shilingi laki mbili na arobaini. Kwa SGR yetu, daraja la kawaida, Dar es Salaam hadi Dodoma ni shilingi 31,000. Kwa hela hiyo nakwenda Dodoma na kurudi mara tatu na chenji ya zabibu inabaki. Nikaokota kalamu. Kyoto hadi Hiroshima, 11,500 hivi. Hiroshima hadi Tokyo moja kwa moja, tuseme 19,500. Tokyo kurudi Narita, 3,070 nyingine. Nikapiga mstari, nikajumlisha: 51,140.

Pasi imeshinda! Imeshinda kwa yeni 1,140. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie kwa macho yake kwamba kaolewa na mtu wa mipango. Akaja anafuta mikono, akaitazama bahasha, akauliza swali moja tu: "Safari zote hizi zinaingia ndani ya siku saba?"

Haziingii. Safari yetu inazidi wiki. Ukiianzisha pasi Narita, inakufia kabla hujarudi Narita. Ukiisubirisha ili ikurudishe Narita, unafika Tokyo kwa hela yako. Pasi ya siku 14 nayo ni 80,000, ambayo sikuthubutu hata kuiandika. Basi nikafuta Narita zote mbili, ikabaki 45,000. Pasi imeshindwa kwa elfu tano.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini elfu tano ni pengo dogo, na pengo dogo linauma kuliko kubwa kwa sababu linaonekana linazibika. Nikaanza kutafuta safari za kulizibia. Karibu na Hiroshima kuna kisiwa cha Miyajima, chenye lile lango jekundu lililosimama baharini. Treni ni 420 kwenda na 420 kurudi, feri 200 kwenda na 200 kurudi. Nikaongeza 1,240. Mama watoto, mzaliwa wa Pangani, akataka kujua kwa nini mtu aliyekulia ufukweni avuke mabara kwenda kuonyeshwa bahari. Nikamwambia tunavuka kwa ajili ya lango. Akaniambia lango analo. Nikaendelea. Kyoto hadi Nara kuona swala wanaoinamisha vichwa kuomba biskuti, kwenda na kurudi 1,440. Kyoto hadi Osaka, kwenda na kurudi 1,160. Jumla ikafika 48,840.

Bado 1,160.

Nikaitazama namba ile kwa muda. Halafu nikagundua jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka: 1,160 ndiyo nauli ileile ya Osaka kwenda na kurudi. Tukienda Osaka mara mbili, tunafika 50,000 kamili, haizidi, haipungui.

"Tutakwenda Osaka mara mbili," nikamtangazia.

"Mara ya pili kufanya nini?"

"Kutimiza."

Akaniambia nikapime presha. Tena akanikumbusha kwamba Osaka ya pili haimo kwenye ile ratiba ya viza.

Ugonjwa huu nikaujua ni upi. Ni uleule wa bando la wiki. Unanunua intaneti ya siku saba kutoka kampuni moja ya simu nisiyoitaja, maana kwa bei ya wiki ndipo penye nafuu. Siku ya mwisho inafika, saa tano usiku, na bando limebaki nusu. Basi wewe, baba wa familia, mwenye kuamka alfajiri, unakaa sebuleni unatazama video ya mtu anayechimba bwawa la kuogelea kwa kijiti. Hulipendi bwawa. Humjui huyo mtu. Unatazama kwa sababu saa sita ikigonga kilichobaki kinapotea, na hutaki wakucheke. Pasi ya treni ni bando la namna hiyo, ila badala ya video unapewa kilomita, na hizo huwezi kuzimaliza ukiwa umejilaza kwenye kochi.

Na masharti yake! Siku zake zinahesabiwa kwa kalenda, hazihesabiwi kwa saa. Ukiianzisha saa tisa alasiri, asubuhi uliyokuwa ndani ya ndege imekwisha kuliwa pamoja nayo. Siku inaanza saa sita ya usiku na kuisha saa sita ya usiku, wakati ambao mtaani kwetu hakuna kinachoanza isipokuwa mbwa. Ukiipoteza, hutolewi nyingine. Mama watoto alipofika kwenye sharti hilo aliinua macho akanitazama, halafu akatazama miwani yangu, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imetafutwa na nyumba nzima pamoja na fundi bomba.

Linaloniudhi zaidi ni la Nozomi. Kwenye njia ya Tokyo hadi Osaka kuna treni za aina tatu. Kodama inasimama kila kituo. Hikari inaruka vituo kadhaa. Nozomi inasimama vichache tu, na ndiyo inayopita kila baada ya dakika chache. Sasa mwenye pasi, aliyelipa laki nane zake mapema na kwa moyo mkunjufu, Nozomi hapandi mpaka aongeze hela: 4,960 kwa Tokyo hadi Kyoto, 6,500 kwa Tokyo hadi Hiroshima. Hiyo ndiyo senti nyingine niliyoitaja. Zamani haikuruhusiwa kabisa. Ruhusa ya kuongeza ilikuja Oktoba 2023 sambamba na bei mpya, na inatakiwa tuihesabu kuwa ni hisani. Kwa hiyo nitasimama stesheni na pasi yangu mkononi, nitaipisha Nozomi, nitaipisha Nozomi nyingine, nikingojea Hikari. Shemeji anasema kati ya Tokyo na Kyoto tofauti ni kama nusu saa tu. Naijua nusu saa. Nimeipoteza kwenye foleni za Dar es Salaam tangu ujana wangu bila kumlaumu mtu. Lakini yule kijana mwenye tiketi ya safari moja aliyeinunua mashineni sasa hivi anapita mbele yangu, anapanda, mlango unajifunga, na mimi wa jumla nabaki nimesimama. Hiyo ni biashara gani ambayo mnunuzi wa jumla ndiye anayepangishwa foleni?

Isitoshe, pasi ni ya JR, na si kila kinachotembea kwenye reli Japani ni JR. Shirika lao la reli la taifa lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1987, yakazaliwa makampuni sita ya abiria na moja la mizigo. Hayo ndiyo JR. Pembeni yake kuna makampuni binafsi chungu nzima yenye reli zao na stesheni zao. Metro ya Tokyo si JR. Mabasi ya jiji la Kyoto, ambayo ndiyo yatakayotufikisha kwenye mahekalu, si JR. Kwa hiyo hata mwenye pasi lazima awe na kadi ya kugusa, Suica au ICOCA, aitie hela, atembee navyo vyote viwili. Hata ile feri ya Miyajima, ambayo pasi inaifunika, kuna kodi ya mgeni ya yeni 100 ambayo pasi haiigusi. Yeni 100 ni hela ya maji ya kunywa. Lakini nilikuwa nimeshapiga mstari chini ya jumla, na mtu akishapiga mstari aachwe.

Nisije nikaonekana nazionea wivu treni za watu. Tangu 1964 hakuna abiria wa Shinkansen aliyepoteza maisha kwa treni kugongana au kuacha reli. Kwa kitu cha namna hiyo mimi nauli nalipa nikiwa nimevua kofia. Ninachokataa ni kuambiwa nibashiri kwanza, wiki tatu kabla, nikiwa Dar es Salaam, kwamba Jumatano ya wiki fulani nitakuwa na hamu ya kwenda Nara.

Mama watoto yeye msimamo wake hauna namba hata moja. "Mimi nataka kukaa chini ya ile miti ya maua," anasema. Mwishoni mwa Machi miti ya sakura huanza kuchanua Tokyo na Kyoto, na Wajapani wenyewe hutandika mikeka chini yake wakala na kunywa. Ana mkeka wake tayari, wa ukili, ameukunja ndani ya begi. Nikajaribu kumfafanulia kwamba kwa mwenye pasi kukaa ni hasara: gawanya 50,000 kwa 7, kila siku tusiyopanda treni tumetupa zaidi ya yeni 7,000. Hapo kwenye mkeka wake tunaweza kupoteza laki na ishirini kila mmoja kwa mkao mmoja. Akanijibu kwamba amekaa na mimi miaka yote hii bila pasi yoyote, na hasara ameshaizoea.

Mwanangu wa mwisho alinihurumia, akaniambia kuna kikokotoo kwenye simu kinachofanya kazi hiyo. Mimi ni mtumishi wa umma ninayekaribia kustaafu; neno kikokotoo nikilisikia nashika kifua. Hata hivyo nikakubali. Kikaniuliza ninatoka wapi na ninakwenda wapi, nikakijaza, kikasema pasi hainilipi. Nikaingiza Osaka ya pili. Kikasema nimekaribia. Nikaingiza Osaka ya tatu, kikasema sasa inanilipa, hongera. Nikakizima. Kuna mahali hata mimi naona aibu.

Na mpwa? Mpwa yuko hukohuko, angenimalizia ubishi kwa ujumbe mmoja. Lakini kila nikimuuliza ananijibu, "Mjomba, inategemea." Inategemea! Huyu ndiye mtoto tuliyemsomesha mpaka shahada ya pili. Nikambana, nikamwambia ajibu kama anavyomjibu mama yake, ndipo akanitajia kitu ambacho shemeji hakuwahi kukitaja. Mbali na pasi ya nchi nzima, makampuni ya JR yana pasi ndogondogo za maeneo. Ile ya JR West ya Kansai na Hiroshima ni siku 5, yeni 17,000. Ndani yake kuna treni za JR za Kyoto, Osaka na Nara, kuna Shinkansen ya kutoka Shin-Osaka hadi Hiroshima, Nozomi ikiwemo bila kuongeza kitu, na feri ya Miyajima. Kitu kimoja tu: kipande cha Shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka ni cha kampuni nyingine, kwa hiyo mpaka hapo unakwenda kwa treni ya kawaida, kisha unahama.

Nikairudia bahasha, upande ambao bado ulikuwa na nafasi. Tiketi ya Tokyo hadi Kyoto, 14,000. Pasi ndogo, 17,000. Tiketi ya kurudi Tokyo, 14,000 tena. Jumla 45,000, na Osaka naweza kwenda mpaka wanizoee. Nikilinganisha na tiketi mojamoja za 48,840, naokoa 3,840. Sisi wawili, 7,680. Na treni zote za maana napanda Nozomi kama raia.

Shemeji aliposikia alikasirika kana kwamba nimemtukania mama. "Pasi ndogo? Shem, mtu unakwenda Japani mara moja maishani unanunua pasi ndogo?" Nikashangaa hasira yote hiyo inatoka wapi kwa mtu ambaye hata uwanja wa ndege hatusindikizi. Usiku akanipigia tena, sauti imelainika. Akaniuliza kama Nagoya si iko njiani kwenda Kyoto. Nikasema nasikia iko njiani. "Basi kuna taa ya nyuma ya Noah nimeipata pale, mtu ananiwekea. Wewe unashuka tu, unaichukua, unapanda inayofuata. Si utakuwa na pasi?"

Ikawa kama bomba limepasuka. Yule jirani mwenye koti ana rafiki yake wa tangu Moscow aliyehamia Sendai, kaskazini ya Tokyo, kilomita kama 350, na angefurahi nikampelekee salamu kwa mkono, kwa kuwa nitakuwa na pasi. Shoga yake mama watoto ana mdogo wake aliyeolewa Fukuoka, upande wa pili kabisa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tokyo, na ana hamu ya dagaa na viungo vya pilau, kifurushi chenyewe kidogo tu, kilo nne, "na treni kwenu si bure?" Kila mtu mtaani alikuwa anajua habari za pasi yangu ambayo sijainunua. Walikuwa wameshaigawana.

Tangu nianze kujitegemea, ngao yangu imekuwa neno moja: nauli. Ukiitwa kwenye kikao cha ukoo Handeni, unasema nauli. Ukitumwa Kariakoo jua la saa nane, unasema nauli. Hakuna mzee wala kijana asiyeliheshimu neno hilo; hata anayejua unadanganya hulipokea, kwa sababu kesho atalihitaji yeye. Mwenye pasi amevuliwa ngao hiyo hadharani. Nauli amelipa, treni zipo, zinafika kwa wakati. Atajitetea kwa lipi? Siku saba nzima ningekuwa tarishi wa Temeke nchini Japani, nabeba dagaa kwenda Fukuoka kwa kilomita mia tatu kwa saa. Na kikokotoo chao, pamoja na akili zake zote, hakikuniuliza nina ndugu wangapi.

Basi imepita. Nimenunua pasi ndogo mbili. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba, kutokana na hali ya uchumi, hatukuweza kumudu pasi ya nchi nzima, tumepata ya kipande tu. Shemeji akakaa kimya saa nzima. Kisha akauliza: "Nagoya iko kwenye hicho kipande?" Nikamjibu haiko. Ni kweli haiko. Kwamba kila Nozomi inayokwenda Kyoto husimama Nagoya ni habari ambayo hakuiulizia.

Nilidhani sasa nitalala. Lakini mama watoto kasoma mahali kwamba kwenye Shinkansen ya Tokyo kwenda magharibi, begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 lazima liandikishiwe kiti chenye nafasi ya mizigo, la sivyo ni faini ya yeni 1,000. Na likizidi 250 halipandi kabisa. Akatoa futi ya fundi, akawa anapima mabegi yetu sebuleni. La kwangu ni 140. La kwake sikuambiwa. Niliona tu anapima mara ya pili, safari hii akiwa amelikalia.

Tukiwa kwenye hilo, mpwa akapiga. Ana habari njema: profesa wake amemruhusu, anakuja nasi Hiroshima. Nikafurahi kweli, nikamwambia na yeye achukue ile pasi ndogo aliyonishauri.

"Mimi hawaniuzii, mjomba. Ni ya watalii. Mimi ni mkazi."

Ana punguzo la wanafunzi, akanitoa wasiwasi: asilimia 20 kwa safari inayozidi kilomita 100. Ila linakatwa kwenye nauli ya msingi tu. Ile nyongeza ya Shinkansen inabaki palepale. Kwenda na kurudi itakuwa kama 20,000. Swali la nani analipa halikuulizwa na yeyote, kwani mjomba yupo.

Mama watoto akaiacha futi, akaichukua bahasha yangu, akatafuta mahali palipo peupe karibu na nembo ya maji. Akaandika "Mtoto, 20,000", akapiga mstari chini yake, tena mistari miwili. Kisha akainua kalamu.

"Na Osaka mnakwenda naye mara ngapi?"